Mkono Usio na Mwenyewe

Shoga, shika simu. Nimetoka shuleni kwa mjukuu wangu sasa hivi.

Wana maonyesho ya historia ya shule. Wametundika picha ya timu yetu ya netiboli, mwaka ule tulioleta kombe la kwanza. Wewe huonekani.

Wewe nahodha wetu, huonekani! Chini wameandika nahodha alikuwa mama wa huyu mkuu wa shule. Yule aliyekaa benchi mwaka mzima!

Nikamwuliza mwalimu wa historia kwa upole. Akacheka, "Bibi, uzee nao una mambo yake." Uzee! Mimi niliyekufungia kamba za viatu siku ile kwa kuwa kidole chako kilivunjika!

Halafu nikaona ukingoni mwa picha mkono umeshika kombe. Mkono tu, shoga, hauna mwenyewe.

Mtunza maktaba, Mungu ambariki, aliniletea kiti na maji, akangoja mwalimu atoke, akafungua fremu. Picha haikukatwa. Imekunjwa kwa nyuma. Akaikunjua, na wewe huyo unacheka, kidole kina bandeji.

"Niliambiwa niikunje ili ienee kwenye fremu," akaninong'oneza, macho yake kwenye mlango wa mkuu.

Ienee? Tumeirudisha nzima na nafasi imebaki!

Kesho saa nne asubuhi wanamwita huyo nahodha wao jukwaani, wanafunzi wote wakiwepo. Wewe njoo mapema. Usigombane na mtu. Simama tu kando ya picha.