Mkaguzi wa Viti Yuko Nyumbani

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la dawa
Jumapili asubuhi, mwezi wa tisa

Mpendwa mpwa wangu Maswali,

Hujambo huko uliko, mwanangu? Mumeo hajambo? Na kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia, kimekuacha au kimeamua kuhamia kabisa? Sisi huku tu wazima. Magoti ya mke wangu, mkaza mjomba wako, ni yale yale, bado anatoka chumbani hadi sebuleni kwa kushika ukuta, lakini ulimi wake umepona vizuri sana. Habari zangu zote leo zinatokana na ulimi huo.

Kwanza nikushukuru. Ulipokuja mara ya mwisho ulinikuta nimepiga magoti nikikarabati kochi la jirani, ukaniuliza, "Mjomba, kama kazi hii inakufanya uimbe, mbona unaifanya Jumapili tu?" Nilicheka, lakini swali lako lilinifuata hadi ofisini. Nilikuwa nimekaa kwenye ile ofisi ya bima hadi mlinzi akawa ananisalimu kabla hajaniona, kwa mlio wa viatu tu. Mwezi wa tatu niliaga. Sebule sasa ndiyo karakana yangu.

Usidhani nilizoea mara moja. Wiki ya kwanza nilifunga mlango saa ya chakula cha mchana, mteja akagonga, nami nikamwambia kupitia dirishani kwamba tuko mapumzikoni. Sisi nani? Jioni ilipofika nilipanga vifaa vyangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele. Mke wangu alikuwa kwenye kiti chake, akanitazama kutoka juu hadi chini. "Karibu, mume wangu. Foleni ilikuwaje leo?"

Lakini moyoni hakuwa akicheka. Alijua kwamba swali lako lilikuwa nusu ya sababu, na magoti yake ni nusu ya pili. Hakutaka kuwa mzigo uliomtoa mtu kazini. Kwa hiyo mkuu wangu wa zamani alipopiga simu mwezi huu kusema meza yangu bado iko wazi, na kwamba angepita Ijumaa kuchukua jibu, mwenzangu aliomba pasi, akanyoosha shati langu jeupe la ofisini akiwa amekaa, akaniagiza nilitundike mlangoni. Shati likakaa pale, nami kila nikipita linanigusa bega.

Sasa ngoja nikueleze jambo la viti. Watu hudhani kiti huchosha kwa sababu ya sponji. Sivyo. Chini ya sponji kuna mikanda iliyosukwa, na mmoja ukilegea, mwili wako utajua hata kama macho hayaoni. Siku ya Jumanne nilikuwa nimemaliza kiti cha mwalimu mstaafu. Mke wangu akakikalia akisubiri chai.

"Hiki kinanivuta kushoto," akasema.

"Haiwezekani. Mikanda nimeivuta mwenyewe."

"Baba, mimi kutwa nzima kazi yangu ni kukaa. Usinifundishe kukaa."

Nikakipindua. Mkanda wa nyuma, upande wa kushoto, ulikuwa umechomoka msumari. Nilirudia kazi, akakaa tena, akajisogeza huku na huku, akafumba macho, akasema, "Haya, kiende." Tangu hapo hakuna kiti kinachotoka humu kabla hajakikalia. Jumatano alikataa viwili. Alhamisi aliamka kabla yangu, akaniuliza kwa nini namchelewesha.

Ijumaa mkuu akaja kama alivyoahidi, na tai yake. Akavuta kiti cha mteja wetu, daktari wa meno, ili akae.

"Simama, bwana mkubwa," mke wangu akamwambia. "Hicho hakijakaguliwa."

Akasimama wima kama mwanafunzi! Kisha akaniuliza jibu langu. Mimi nilimtazama mke wangu, naye alikuwa akilitazama lile shati.

"Huyu alirudi nyumbani kwa ajili ya magoti yangu," akasema polepole. "Wiki iliyopita ningekuomba umchukue uende naye, nisionekane namfunga. Leo sikupi. Nani atanipindulia viti?"

Mkuu alicheka hadi akaushika ukuta. Alipokuwa akiaga akauliza, kwa sauti ya chini, kama tunaweza kuangalia kiti chake cha ofisini, maana kinamuumiza kiuno. Akaambiwa akilete, lakini asubiri zamu yake.

Katika barua yako umeniuliza kama mumeo naye aache kazi. Sijui, mwanangu. Ofisi ile ilinilea vizuri na ninaishukuru. Ninachoweza kusema ni hiki: asiulize tu atafanya kazi gani, aulize pia atafanya na nani.

Msalimie sana mumeo, na mdogo wako mpishi mwambie bado tunamkumbuka kwa kelele zake. Shangazi yako mshonaji, aliyepita jana kutuona, anakusalimu. Mungu awape afya, na usingizi usiokatika.

Lile shati? Mkuu alipofika barabarani tu, mkaza mjomba wako aliniambia, "Nipe mkasi." Sasa limeshonwa chini ya kiti cha daktari wa meno, kitambaa safi cha kuzuia vumbi.

Ni mimi nikupendaye, na ninayekushukuru kwa swali lile,
Mjomba wako, fundi wa makochi
(Imekaguliwa hata hii: amenisomesha barua yote kwa sauti.)