Panya wa Jumapili

Mahikeng, Jumatatu

Kaka Tshenolo,

Chatu wako mzima, juzi amejivua gamba. Bibi anakusalimu.

Ulipoondoka nilikataa tuendelee kumnunulia panya waliogandishwa dukani. Nilijigamba: "Nitawafuga mwenyewe, waishi vizuri, wafe bila kuteseka." Kufuga nimeweza. Kuua nilishindwa tangu wa kwanza, nikamwachia Bibi.

Kila Jumapili, siku ya chatu kula, huniambia, "Wewe nenda kafue, mama." Jana nilirudi kuchukua sabuni, nikamsikia akimwambia panya aliyemshika, "Nisamehe, mwanangu. Mjukuu wangu ana huruma sana."

Alifumba macho ndipo akamuua, Kaka.

Tangu jana siwezi kumtazama usoni. Tafadhali, tuagizie tena wa dukani. Ukimpigia Bibi, mwambie ni wazo lako.

Mdogo wako,
Kelebogile