Hukutaja Jina Langu Usumbura

Baraka, tarehe 12 Agosti 1956

Mpendwa mdogo wangu Placide,

Pokea salamu zetu sote. Kifua chako kinaendeleaje? Ulikuwa unakohoa siku ile Usumbura, na ile tai ilikukaba shingo. Kunywa maji ya moto asubuhi, usilale madirisha wazi. Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua akishuka ziwani, lakini anakula vizuri na anagombana na kuku zake kama kawaida.

Mihogo imekubali mwaka huu, huku chini na kule Fizi pia. Samaki ni wachache. Mume wangu Nicolas alikwenda Kazimia kutafuta nyavu nyingine, akarudi na maneno matupu.

Sasa habari ya maonyesho yako. Tulifika nyumbani salama, ingawa mume wangu alitapika melini tangu Uvira. Watu wananiuliza, nami nawaambia ukweli: ukumbi mzima, kuta zote, picha za Placide peke yake, na Wazungu wamevaa kama wanakwenda harusini. Nawaambia hakuna picha hata moja yenye mtu, wala nyumba, wala mtumbwi, ni rangi tupu. Jirani yetu Immaculée aliniuliza kama ulikuwa hujazimaliza.

Mimi nilizielewa. Ile kubwa ya mlangoni, nyekundu chini na manjano juu, niliitambua kabla sijavuka kizingiti. Ule ni udongo wa ukingo wa mto Mutambala, na ule mwingine wa njia ya kupanda Fizi. Tena umepaka rangi ya pili kabla ya kwanza haijakauka, ili zigombane kidogo pale zinapokutana. Nani alikuonyesha hivyo, Placide? Ulikuwa unanishikia kibuyu, kamasi zinakutoka, mimi nikipaka nyumba ya mama.

Ndipo yule madame mwenye kofia akakuuliza rangi hizo ulijifunza wapi. Kifaransa sikijui, lakini Nicolas aliniambia sikioni: "Anasema ni ziwa na milima bilimufundisha." Watu wakafurahi sana. Mimi nilikuwa nyuma yako na kapu la karanga nilizokuletea.

Ziwa na milima! Ng'ombe wa mzee Semutobo wanaiona milima kila siku wakiwa malishoni, mbona hawajaalikwa Usumbura?

Unajua desturi ya nyumbani kwetu. Mgeni akisifu ukuta, mwenye nyumba hasemi asante kabla ya kutaja aliyechanganya udongo. Siku mwalimu wako aliposifu ukuta wetu, ulijibu asante tu, na mama akakupiga kofi mbele yake. "Taja kwanza jina ya yaya yako," alikuambia. Ukalitaja jina langu, mimi dada yako mkubwa, huku unalia. Basi Usumbura ulikuwa mtu mzima, umeshiba, hakuna aliyekupiga, na jina langu halikutoka.

Nina wivu, mdogo wangu, sikufichi. Si wivu wa tai wala wa nyumba yako ya mabati. Jina lako limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, na picha zako zina paa juu yake. Zangu mvua inazila kila mwaka, naanza upya, na watu wanapita na kuku wao kwenda sokoni. Nilitamani yule madame anigeukie aniulize neno lolote, hata umri wangu. Kwenye meli nililia, na Nicolas akadhani ni ziwa linanichafua moyo.

Tulipofika nyumbani mama aliniuliza kama ulinitaja. Nikamwambia ulinitaja mbele ya watu wote. Alifurahia malezi yake, akasema, "Nilimukomalisha muzuri." Usinifanye nimdanganye tena.

Na sasa umeniandikia nikutumie beseni mbili za udongo mwekundu, eti wa huko hauna moto. Niliuchimba. Binti yangu Suzanne alinisaidia kuubeba, nikauanika, nikautwanga, nikauchekecha mpaka ukawa laini kama unga. Ulikuwa tayari kwa meli ya juzi.

Lakini asubuhi ile nilitazama beseni, nikashindwa kuzifunga. Niling'oa mlango wa zamani wa jiko, nikaulaza uani, nikaanza kuupaka. Sikupamba nyumba ya mtu, wala hakuna harusi. Nilipaka mpaka jua likanichoma mgongo, na ugali ukachelewa. Nicolas alirudi, akauzunguka ule mlango, akaniuliza, "Hii iko nini?"

Nikamjibu, "Iko yangu."

Udongo wako umekwisha, Placide. Ukiutaka mwingine, uje uchimbe mwenyewe.

Msalimie wifi yangu Florentine, umwambie kitenge alichonipa kimenipendeza. Mama anakubariki, na Suzanne anawasalimu watoto. Mungu akuponye kifua na ailinde mikono yako.

Ni mimi yaya yako, ninayekupenda na bado nimekasirika,

Adolphine