Nani Ameisugua Sufuria Yangu?

Alhamisi. Mvua imepiga tangu alfajiri, ikakatika ghafla, na sasa limebaki lile joto la Ifakara la kunata. Shati limeganda mgongoni. Mbu hawasubiri hata jua lizame. Sina raha, naandika ili nitulie.

Wiki hii yote nimekuwa mtu wa kushuku.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mchana nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na pembeni natengeneza visamaki vya risasi vya kuvulia. Nachonga kisamaki kwenye mche wa sabuni. Nachukua silikoni ile ya mafundi wa aluminiamu, naikanda na wanga kidogo ili ishike haraka, nakigandamiza kisamaki humo. Ikishakauka natoa sabuni, nabaki na kalibu. Naipaka poda, nalaza waya, namimina risasi niliyoyeyusha kutoka kwenye betri kuukuu za gereji. Kinatoka kisamaki chenye magamba na jicho. Kifunge ndoano, kitupe mto Kilombero, kivute mbio, na yule samaki wa meno makali atakirukia bila kuuliza.

Kalibu nzuri ninayo moja tu. Nimeharibu silikoni nyingi sana mpaka kuipata, na sijawahi kumwonyesha mtu.

Sasa, mlango wa stoo yangu hauna kufuli, una kamba. Mimi kamba ile naizungusha tu na kuichomeka. Jumatatu nimerudi kutoka kazini nikakuta imefungwa fundo la kitanzi, fundo zuri, la mtu mwenye subira. Ndani hakikupungua kitu. Ila sufuria yangu ndogo ya kuyeyushia risasi, ambayo siku zote ni nyeusi na imegandamana chini, ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa na kufunikwa kifudifudi juu ya rafu.

Mwizi gani anaosha vyombo?

Niliwaza mpaka nikapata jibu, na nikalipenda kwa sababu lilikuwa na jina la mtu ndani yake. Kuna mtu anaingia nikiwa kazini, anayeyusha risasi yake, anaimimina kwenye kalibu yangu, halafu anasafisha sufuria kupoteza ushahidi. Na mtu mwenyewe ni Sadiki.

Sadiki ni rafiki yangu. Ana duka la nyavu na ndoano karibu na soko, wazee wake walitoka pwani, na yeye ndiye anayeniuzia visamaki vyangu. Wiki iliyopita, huku anapanga bidhaa, aliniuliza, "Hivi ile silikoni huwa unaichanganya na nini?" Aliuliza kivivu tu, kama anayeuliza habari za mvua. Uvivu ule ndio uliokuja kuninyima usingizi.

Basi nikaanza vituko. Kalibu nikaihamishia chini ya godoro. Mke wangu Regina amejifungua majuzi tu, anahitaji kulala, akaniuliza kwa nini godoro lina nundu. Nikamwambia ageukie upande wa pili. Kisha nikachukua poda ya mtoto nikainyunyiza mlangoni mwa stoo ili nione nyayo, na jana nikaziona: kandambili, mguu mdogo. Sadiki ana mguu mdogo. Ilibidi nijitahidi kuukumbuka mguu wa rafiki yangu, na nikaukumbuka vile nilivyotaka.

Ningeweza kumuuliza mama mkwe kama ameona mtu anaingia, maana yeye anashinda nyumbani. Amekuja kutoka Mngeta kumlea mzazi. Lakini mimi na Mama tunaheshimiana mno. Asubuhi namwamkia, anaitikia akiangalia pembeni, imetosha. Tangu afike jikoni sikanyagi; jiko likishakuwa mikononi mwa mkwe, mwanaume anapita mbali. Regina naye hatoki chumbani. Chakula kinatufikia kimefunikwa, tunakula, tunashukuru.

Leo asubuhi nimepitia dukani kwa Sadiki nikakusanya visamaki vyangu vyote mbele ya wateja.

"Umeshajua kutengeneza," nikamwambia, "uza vya kwako."

Akanitazama usoni. "Kaka, una homa?"

Nikabeba visamaki vyangu nikatoka. Nilijisikia mwanaume kwelikweli mpaka nilipofika kona ya barabara. Kuanzia pale sikujisikia chochote.

Nikaomba ruhusa kazini nikarudi nyumbani mchana. Sikupiga hodi. Nilijibanza nyuma ya bafu la mabati, miguu kwenye tope, nikimsubiri mwizi wangu.

Mlango wa jiko ukafunguka. Akatoka Mama, na sufuria yangu mkononi, inachuruzika maji. Akaenda stoo, akafungua fundo lake, akaiweka kifudifudi pale pale ilipokuwa, akafunga tena kwa utaratibu.

Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikatoka mafichoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba." Akashtuka, akavuta khanga begani. "Unisamehe. Naazimaga tu hii, ya uji wa mzazi. Yale masufuria mengine makubwa, uji kidogo unaungua. Nimeona aibu kukuomba kitu chako, ndiyo maana naiosha narudisha."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu nimefika. Ilikuwa na mavitu meusi yameganda chini, nimesugua na mchanga mpaka jasho. Sasa hivi safi."

Mikono yake ilinukia pilipili manga.

Nimeyeyushia betri za magari kwenye sufuria ile. Uji asubuhi, uji jioni, na Regina anaumaliza wote kwa sababu mama yake anamwambia unaleta maziwa. Maziwa hayo anayanyonya mwanangu.

Niliingia chumbani nikakuta bakuli liko chini, tupu. Nikamweleza Regina. Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, "Si nilikwambia uipake rangi, ijulikane si ya jikoni?" Alinambia, kweli. Siku ile nikasema nitaipaka wikiendi.

Nimelinda kipande cha mpira kisiibiwe, sumu nikaiachia mlango wa kamba.

Tumekwenda zahanati. Nesi ametusikiliza vizuri. Amesema kipimo cha risasi kwenye damu pale hakipo, kesho asubuhi tumwone daktari hospitali, na huenda damu ikapelekwa mbali. Regina ameuliza kuhusu kunyonyesha. Nesi amesema tusiache kwa kuamua wenyewe, daktari ndiye atakayetuelekeza. Njia nzima ya kurudi Regina amemfunika mtoto.

Tulipofika tumemkuta Mama anakunja nguo zake. Anadhani nimekasirikia sufuria. Na hapa niseme ukweli wangu: nilitamani nimwache aende hivyo hivyo. Angefika Mngeta akasimulia kwamba mkwe wake ni mchoyo, watu wangenisema kidogo, ningepona. Maana kumwambia kilichotokea ni kumwambia kwamba ule uji, alioupika kwa mapenzi yote, ndio uliomlisha binti yake sumu.

Nimepiga hodi kwenye jiko la nyumba yangu mwenyewe, nikaingia. Nimemweleza yote. Nimemwambia kosa ni la mwenye stoo, si lake. Alikaa kwenye kigoda, na safari hii hakuangalia pembeni.

"Na mtoto?" akauliza.

Nikamwambia sijui, Mama. Akazirudisha nguo zake ndani.

Kwa Sadiki bado sijaenda. Inawezekana kweli anataka kuniiga. Aige. Nitakwenda kumwomba radhi hata kama yumo nyuma ya kaunta anakanda silikoni. Lakini kesho ni ya hospitali, na kabla ya hospitali sina habari na mtu.

Mtoto amelala tangu tutoke zahanati. Vichanga hulala, najua, na siku zote akilala nashukuru Mungu. Leo nimeinama juu yake naangalia kifua, nashuku mpaka usingizi wake. Nimemtekenya unyayo. Hakusogea. Nimemfinya.

Amelia. Regina na Mama wamekuja mbio, mmoja kutoka uani, mwingine kutoka jikoni, na hakuna aliyenigombeza.