Kadi Moja ya Matibabu

Shemeji,

Sisi wazima, na paa tumeliziba. Unauliza kwa nini kaka yako hapokei simu zako. Basi nikukumbushe.

Wanajeshi wastaafu walikuchagua mwenyekiti ukadai matibabu ya maisha mliyoahidiwa mlipovaa sare. Kaka yako, mstaafu mwenzenu, na kidonda chake mguuni, alisimama na wenzake kwenye geti la wizara tangu asubuhi wakikungoja. Ukatoka na kadi moja tu, yako. Ukawaambia, "Rudini nyumbani, mambo yanashughulikiwa."

Siku ya Jumanne kaka yako alikatwa mguu. Alipozinduka aliniuliza, "Mdogo wangu ametibiwa?"

Nikamjibu umetibiwa vizuri sana.

Usije kumwona. Mlango nitaufungua mimi, na mimi sina upole wa kaka yako.

Ni mimi,
shemeji yako, kwa bahati mbaya.