Bata Mzinga Aliyesuuzwa Mara ya Pili

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mama Cherehani, ndivyo anavyojulikana mtaani. Umri: miaka sitini, imetimia leo. Kazi: mshonaji nguo. Makazi: nyumba ya chini, nyuma ya duka la rangi. Uhusiano na mtuhumiwa: mama mkwe.

Naeleza kwa hiari yangu, na ninaomba yaandikwe kama ninavyoyasema.

Mnamo tarehe ya leo, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nyumbani kwangu. Mkwe wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja kunipikia. Alisema, "Mama, sitini si mchezo. Leo hushiki mwiko." Alileta bata mzinga aliyekwisha kuyeyuka barafu yote. Alimfuta kwa kitambaa nje na ndani, hadi tumboni, utadhani anamfuta mtoto mchanga. Nikamuuliza kama bata ana mafua. Akacheka, akasema, "Mafuta ya moto na maji hayapatani, mama."

Kisha akamfunga. Mimi nimeshona tangu usichana, fundo nalijua. Alivikunja vipapatio mgongoni, akafunga miguu pamoja kwa uzi wa katani, akazungusha uzi kiunoni, na juu akaacha kitanzi cha kutia kulabu ndefu aliyoichomelea mwenyewe, ili amteremshe mzima kwenye sufuria ya mafuta akiwa amesimama mbali. Nilivuta lile fundo, halikulegea. Moyoni nilisema binti yangu hakukosea kuolewa, ingawa mdomoni sikusema.

Saa tano hivi alitoka uani kuwasha jiko la gesi. Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Kwangu mimi nyama haiingii sufuriani bila kusuuzwa maji ya mwisho; mama yangu alinifunza hivyo na sijawahi kuacha. Nikampeleka bata bombani, nikamsuuza, maji yakaingia tumboni. Nikamfuta juu juu, nikamrudisha kwenye sinia. Sikumwambia.

Mafuta yalipopata moto, mkwe alizima jiko kwanza, mafuta yasije yakashika moto, akaniambia, "Mama, kaa mbali." Nikasogea karibu. Mbishi ni mbishi tu, afande. Bata alipogusa mafuta, sufuria ilinguruma, mafuta yakapanda yakamwagika upande wangu. Mkwe hakuiachia kulabu. Kwa mkono mmoja alimwinua bata, kwa mwingine akanisukuma kifuani, nikaanguka juu ya beseni la nguo. Pale nilipokuwa nimesimama palijaa mafuta. Mimi nimeteguka kifundo cha mkono wa kulia. Yeye mkono wake umeungua hadi kwenye kiwiko.

Jirani wa ghorofani aliona nikisukumwa. Sufuria hakuiona, shuka nilizoanika zilimziba. Simlaumu, alipiga simu polisi kwa kunihurumia, na jirani wa namna hiyo naomba asihame.

Nilipofika hapa kituoni niliambiwa kwamba mkwe, kila akiulizwa kwa nini alinisukuma, anajibu, "Muulizeni mama." Yaani amekubali kukaa mahabusu na bendeji mkononi kuliko kusema kuwa mama mkwe wake ndiye aliyetia maji. Ananisitiri. Afande, nilipolisikia hilo nikaomba kuandikisha maelezo. Basi nasema mwenyewe: bata nilimsuuza mimi. Huu uso wangu unaouona mzima ni kazi ya mkono wake. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi si punda. Namshukuru mbele ya serikali, na sina malalamiko yoyote juu yake.

Haya ndiyo maelezo yangu, hayana kiraka.

Sahihi: dole gumba la kushoto.

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali kuwa ni sahihi. Baada ya kuweka dole gumba ameomba kila palipoandikwa "mkwe" pasomeke "mwanangu". Nimemjibu kuwa maelezo yaliyokwisha kusainiwa hayabadilishwi, neno hilo akamwambie mwenyewe. Mtuhumiwa ameachiwa saa tisa alasiri. Shahidi amemwambia pale pale kaunta, mbele ya zamu nzima.