Vidole Vilivyochelewa Kuamka

Wifi yangu Asumini,

Jumanne nilimpeleka mwanao Rehema hospitali, hapa Mtwara mjini. Nakuandikia wewe kwa sababu kaka yangu, mumeo, hataki kunisikiliza.

Vidole vya Rehema vimeanza. Siku hizi anashona kwa fundi karibu na stendi, na asubuhi hawezi kushika mkasi. Mchana anakata vitambaa kama kawaida. Kaka alipoona alicheka. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama yake naye alikuwa mgonjwa wa asubuhi tu."

Maneno hayo si yake, wifi. Ni yangu.

Kwetu Nanyamba mke hupimwa kwa uwanja: jua likichomoza hajafagia, majirani wamekwisha kumjadili. Wewe ulikaa kizingitini, ufagio mapajani, ukijaribu kukunja ngumi. Uliniambia, "Wifi, vidole vyangu vinaamka baada yangu." Nikakujibu, "Viambie vina mume." Wenzetu waliokuja kubangua korosho wakacheka, nawe ukacheka nao. Saa tano ukaketi ukabangua, nami nikasema kwa sauti ili usikie, "Malkia amepona."

Kisha nikaandika. Unanijua, kila kitu nakiwekea tarehe. Ameshindwa kukamua nguo. Saa nne amepona. Leo amejilaza, eti mwili wote umechoka, na hajafanya kazi yoyote. Miaka miwili, ukurasa baada ya ukurasa. Nikampa kaka daftari asome, akakurudisha kwenu. Huko ukawa unameza vidonge vya maumivu vya dukani, mara nyingi bila chakula, hadi ukatapika damu. Nilikuja mazikoni. Waliokuosha walisema vidole vyako vilikuwa vimepinda, havikunyooka tena. Nikasema "maskini", kama mgeni.

Daktari aliuliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyeumwa hivi. Nikamtolea lile daftari langu la zamani. Akasoma, akaniambia, "Mama, umeandika vizuri sana. Hii ndiyo baridi yabisi yenyewe." Sikumwambia niliandika kwa nia gani.

Akatueleza. Kinga ya mwili hukosea, ikaona maungio ya mwili wenyewe kuwa adui. Chembe zake huitana kwa protini ndogo ziitwazo saitokini. Ni kama mtu apige kelele za mwizi: wanakuja wengi, na kila anayekuja naye anapiga kelele. Mwizi hayupo, anayepigwa ni mwenye nyumba. Utando wa ndani ya kiungo huvimba, hutoa vimeng'enya vinavyokula gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, na protini hizo huamsha chembe zinazomung'unya mfupa. Kabla ya alfajiri saitokini huongezeka, ndiyo maana asubuhi vidole hukaza, na ukivitumia vinalegea. Hata ule uchovu unatokana nazo.

"Mfupa ukishaliwa haurudi," alisema. "Lakini dawa zikianza mapema tunaweza kuzuia."

Mapema. Wewe nilikuona mapema kuliko mtu yeyote.

Tulipanda bajaji kurudi. Ndipo Rehema akasema, "Shangazi, siku zote hizo ulikuwa na nafasi ya kuandika. Hata siku moja hukumshikia ufagio?"

Hata siku moja, wifi.

Jana nilimwambia kaka, "Asumini alikuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyekudanganya." Akaniambia namtetea marehemu nipate usingizi. Anataka kumrudisha binti kijijini, eti jembe litamtibu, na dawa za miaka na miaka ni za wavivu. Nimemkatalia. Ameondoka bila kuaga.

Rehema yuko kwangu. Dawa ameanza, ila daktari alituonya kwamba zitachukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana zinafanya kazi. Asubuhi namfungia vifungo vya blauzi. Anatazama ukutani mpaka nimalize, kisha anatoka. Hasemi asante, nami sijamfundisha.

Pumzika, wifi. Msamaha sikuombi, maana ungenipa, na sistahili kukuhangaisha tena. Ninaloahidi ni hili: hatakosa kliniki hata moja, anisemeshe au asinisemeshe, kaka atake au asitake. Akiamua kunichukia hadi uzeeni, na anichukie kwa vidole vilivyonyooka.

Wifi yako,
Salima